Matairi ya pikipiki Goma na Bukavu: ya mistari, ya mchanganyiko, ya meno, au jozi mbili za kubadilishana kiangazi na mvua?

Mvua zikirudi katikati ya mwezi wa tisa, kwenye vituo vya pikipiki vya Goma, kuanzia Ndosho mpaka Majengo, swali huwa moja: nibaki na matairi ya barabara niliyotumia kiangazi chote, nifunge ya meno, nitafute ya katikati, au niwe na jozi mbili nizibadilishe kadiri majira yanavyogeuka? Bukavu wanauliza hivyo hivyo, na wao wana sababu zaidi ya kuuliza.

Kabla ya kuchagua, tenganisha vitu viwili ambavyo wengi huvichanganya: majira na ardhi. Goma imekaa juu ya mawe ya volkano ya Nyiragongo. Lava ya tarehe 17 Januari 2002 ilipita katikati ya mji mpaka ziwani, na ile ya tarehe 22 Mei 2021 ilikata barabara ya Rutshuru upande wa Kibati. Juu ya mawe hayo kuna mchanga mweusi na kokoto, na maji ya mvua huzama humo upesi. Motari, yaani dereva wa pikipiki ya abiria, anayezunguka Katoyi, Katindo na Himbi hukutana na madimbwi na mawe yaliyooshwa na mvua, lakini tope la kunata hukutana nalo mara chache. Panda kutoka Sake kuelekea Masisi, au nenda kwenye vilima vya Kadutu na Panzi kule Bukavu, na hapo udongo ni wa mfinyanzi: mvua ya nusu saa inatosha kuugeuza sabuni. Mvua ni ile ile, adui si yule yule. Goma tairi hukatwa. Masisi na Bukavu tairi huteleza. Asiyetofautisha hayo mawili hufunga matairi ya meno kwa ajili ya mvua za Goma, na mawe yanayala kabla Noeli haijafika.

Walioko Lubumbashi wana kalenda yao, mvua kuanzia Novemba hadi Machi au Aprili, na udongo wao mwekundu ni vumbi kiangazi na utelezi masika. Vigezo vilivyomo humu vitawafaa. Tarehe tu ndizo za kubadilisha.

Vigezo vya kupimia

Kila tairi hapa chini limepimwa kwa mambo matano: linavyostahimili mawe ya lava, linavyoshika kwenye tope la mfinyanzi, linavyosimama kwenye lami iliyolowa, linavyobeba mzigo, na muda linaodumu. La sita ni lako mwenyewe: kwa siku moja unapita kilomita ngapi za lami, ngapi za mawe, ngapi za udongo? Usikisie. Andika kwa wiki moja. Motari wengi wanaosema wanafanya kazi "njia mbaya" hukuta wakihesabu kwamba zaidi ya nusu ya mwendo wao uko kwenye lami, kati ya Birere na Entrée Président, na kipande kibaya ni kile cha mwisho cha kumfikisha abiria mlangoni.

Soma kwanza ubavu wa tairi

Pikipiki nyingi za abiria mjini, za aina ya TVS HLX na Bajaj Boxer, hutumia 2.75-17 mbele na 3.00-17 nyuma. Nyingine huvaa inchi 18. Pikipiki ndefu za mashambani huwa na gurudumu la mbele la inchi 21 na la nyuma la 18. Namba ya kwanza ni upana kwa inchi, ya pili ni kipenyo cha janti, yaani rimu. Kuzidisha upana kwa hatua moja huwezekana pale tu nafasi inaporuhusu: kati ya tairi na mkono wa nyuma unaoshika gurudumu, na kati ya tairi na mnyororo, ibaki walau sentimita 1 kila upande. Tairi la meno likijaa tope huongezeka unene, na nafasi iliyotosha dukani haitoshi njiani.

Baada ya saizi huja namba ya uzito na herufi ya mwendo. Tairi lililoandikwa 50P hubeba kilo 190 na huruhusu mwendo wa kilomita 150 kwa saa. Namba 41 ni kilo 145, 45 ni 165, 47 ni 175, 52 ni 200. Herufi isikusumbue, hata J, ya kilomita 100 kwa saa, inatosha kwa barabara zetu. Namba ya uzito ndiyo ya kuangalia. Chukua pikipiki ya kilo 115, dereva wa kilo 70 na abiria mmoja wa kilo 65: jumla ni 250. Abiria hukaa karibu na juu ya gurudumu la nyuma, kwa hiyo takribani theluthi mbili ya uzito huo, kilo 165 hivi, huliangukia tairi la nyuma. Tairi la 50 linaubeba bila shida. Ongeza abiria wa pili wa kilo 65, na gurudumu la nyuma sasa lina zaidi ya kilo 210. Hapo umelipita tairi, na hakuna muundo wa meno wala mistari utakaokuokoa. Ubavu hujikunja kupita kiasi, hupata joto, na nyuzi za ndani huanza kukatika moja moja bila wewe kuona chochote kwa nje.

Maandishi ya 4PR au 6PR yanaonyesha ugumu wa mwili wa tairi. Kwa Goma chukua 6PR nyuma, hata kama bei inapanda kidogo. Halafu tafuta tarakimu nne ndani ya kiduara: 1823 maana yake wiki ya 18 ya mwaka 2023. Tairi lililokaa juani mbele ya duka kwa miaka mingi huwa limekauka hata kama halijawahi kugusa barabara. Likunje kidogo kwa vidole gumba karibu na mizizi ya meno. Ukiona nyufa nyembamba kama nywele, mrudishie muuzaji. Na angalia mshale wa mzunguko ubavuni. Ukifungwa kinyume, muundo uliokusudiwa kusukuma maji na tope nje huyavuta ndani.

Tairi la barabara, la mistari au mifereji

Hili ndilo linalokuja na pikipiki nyingi mpya, hasa mbele: mistari mirefu inayozunguka, mpira mwingi ukigusa ardhi, mifereji ya kina cha milimita 5 hadi 7 hivi.

Kwenye mawe ya lava hufanya vizuri kuliko watu wanavyodhani. Kwa kuwa mpira wake ni mfululizo, jiwe halipati kona ya kushika na kung'oa. Udhaifu wake ni ubavu: katika matairi ya bei ndogo ubavu ni mwembamba, na ncha ya lava iliyosimama wima hulikata tairi la anayepita pembeni ya barabara akikwepa shimo.

Kwenye mfinyanzi halina la kujitetea. Mifereji hujaa kwa mizunguko michache ya gurudumu, na tangu hapo unaendesha juu ya tope lako mwenyewe, si juu ya mpira. Kupanda mlima hutapanda. Kushuka ndiko kubaya zaidi, maana breki ya nyuma hufunga gurudumu na pikipiki hugeuka ubavu.

Kwenye lami iliyolowa halina mshindani kati ya aina hizi tatu. Jihadhari tu na dakika 10 au 15 za kwanza za mvua baada ya siku kavu: vumbi la lava na mafuta ya magari huelea pamoja juu ya lami, na hakuna tairi linalopenda mchanganyiko huo. Maji yakishaisafisha lami, mshiko hurudi.

Mzigo hubeba vizuri, mradi namba ya uzito inatosha, na hudumu kuliko mengine. Linafaa kwa anayefanya kazi mjini Goma, njia kuu na mitaa ya mawe, na kwa anayekwenda Sake na kurudi kwa lami bila kupanda milima.

Wakati wa kulitoa: laza njiti ya kiberiti ndani ya mfereji wa katikati. Njiti ina unene wa karibu milimita 2. Ikichomoza juu ya mpira, mvua zisikukute nalo. Vinundu vidogo vilivyomo ndani ya mifereji, vilivyowekewa alama ya TWI ubavuni, husubiri mpaka mpira ubaki chini ya milimita 1, na hiyo ni kuchelewa kwa mtu anayebeba abiria.

Tairi la mchanganyiko

Vipande vya mpira vilivyotengana kidogo, vikubwa katikati, vyenye nafasi zaidi pembeni, kina cha milimita 8 hadi 10 hivi. Wauzaji huliita majina mengi. Wewe angalia nafasi kati ya vipande: kidole chako kidogo kikiingia pembeni lakini kisiingie katikati, basi hilo ni la mchanganyiko kweli.

Kwenye mawe hustahimili, lakini kona za vipande huanza kung'oka kidogo kidogo, hasa nyuma, hasa kwa dereva anayeondoka kwa nguvu juu ya kokoto. Gurudumu likizunguka mahali pamoja juu ya lava kwa sekunde mbili, limepoteza mwendo wa siku nzima.

Kwenye tope la wastani hukufikisha. Halitakupandisha Masisi baada ya usiku mzima wa mvua, lakini avenyu za udongo za Bukavu asubuhi, kabla malori hayajazichimba, hulipitisha bila shida kubwa. Linajisafisha kwa mwendo: zaidi ya kilomita 20 kwa saa hivi tope huruka nje; chini ya hapo hubaki.

Kwenye lami yenye maji hushika vya kutosha, na breki hurefuka kidogo. Ongeza nafasi kati yako na gari la mbele, na usiinamishe pikipiki kwenye kona kama ulivyozoea kiangazi. Vipande vya pembeni ni laini kwa kuwa vimetengana. Ukiinama navyo hujikunja, na pikipiki huhisi kama inaogelea. Hiyo hisia ni onyo, iheshimu.

Kwa mzigo ni sawa na la barabara lenye namba ile ile. Hudumu kidogo kuliko la mistari, kwa sababu katikati huliwa na lami wakati pembeni bado ni jipya. Linafaa kwa mwenye njia mchanganyiko kweli kweli: theluthi ya udongo au zaidi, mwaka mzima, bila muda wa kubadilisha.

Kuna mpango unaoonekana sana kwenye pikipiki zetu, na una akili ndani yake: mistari mbele, mchanganyiko nyuma. Gurudumu la nyuma ndilo linalosukuma na ndilo linalohitaji kung'ata. La mbele kazi yake ni kuelekeza na kufunga breki kwenye lami. Mipaka ya mpango huu iko kwenye mteremko wa mfinyanzi, maana nyuma ikiteleza pikipiki hutikisa mkia na dereva mzoefu huirudisha, lakini mbele ikiteleza hakuna wa kuirudisha.

Tairi la meno

Meno marefu ya milimita 10 na zaidi, yametengana, chini ya nusu ya uso wa tairi ndiyo mpira. Kila jino hubeba uzito mwingi juu ya eneo dogo, ndiyo maana huzama kwenye tope mpaka lipate kitu kigumu.

Mawe ya lava ndiyo kifo chake. Jino lililosimama peke yake likikanyaga ncha ya jiwe hupinda, mzizi wake hupasuka, na baada ya siku chache unaona mapengo kama mdomo wa mzee. Meno ya pembeni hutangulia. Ukiona mawili yaliyofuatana yameng'oka, chunguza mahali hapo kwa ndani, maana mara nyingi nyuzi zimeguswa.

Kwenye mfinyanzi ni mfalme, na hatuna haja ya maneno mengi. Njia ya Bukavu kuelekea Kamituga wakati wa mvua, au Masisi ya milimani, anayepita kila siku akiwa na mzigo anayahitaji haya, mbele na nyuma.

Kwenye lami iliyolowa yanahitaji kuogopwa. Mpira unaogusa ni mchache, na breki ya mbele ikibanwa ghafla meno hujikunja kisha huachia. Kufunga meno mbele na mistari nyuma ni kosa kubwa zaidi tunaloliona, kwa sababu linaweka mshiko mdogo pale panapotegemewa kusimamisha pikipiki kwenye lami. Kiangazi, lami kavu na yenye joto huyasaga katikati upesi.

Mzigo hubeba, ila hutetemesha, na mtetemo hulegeza rayo, zile nyuzi za chuma za gurudumu. Kaza rayo baada ya wiki ya kwanza: zigonge moja moja kwa ufunguo mdogo, inayotoa sauti nzito badala ya mlio imelegea. Maisha yake hutegemea ardhi kuliko lingine lolote. Kwenye udongo tu hudumu vizuri. Kwenye lami na lava utanunua tena kabla ya mwenzako.

Jozi mbili kwa mwaka

Barabara au mchanganyiko kuanzia Juni hadi katikati ya Septemba, meno au mchanganyiko mzito mvua zikikolea, kisha kurudi. Mvua zetu hupungua kidogo mwezi wa kwanza. Usibadilishe kwa ajili ya mapumziko hayo mafupi.

Kwa upande wa mawe, tope na lami, kila jozi inafanya kazi katika majira yake, na hilo ndilo jema lake. Maisha huongezeka pia: jozi mbili zikipokezana zinaweza kukupeleka mbali kuliko jozi mbili zikifuatana, kwa kuwa hakuna inayosagwa kwenye ardhi isiyo yake. Lakini unahitaji fedha za jozi mbili kwa wakati mmoja, mahali pa kuhifadhi, na mikono inayojua kufunga. Kila kufungua na kufunga ni nafasi moja ya kubana mpira wa ndani.

Jozi inayopumzika ioshwe, ikaushwe, isimame wima kwenye giza, mbali na petroli, mbali na jenereta na mashine za umeme, maana hewa inayotoka hapo hukausha mpira. Usizirundike chini ya mizigo; zikipindika hazirudi duara. Wenye janti za akiba hubadilisha gurudumu zima kwa muda mfupi bila kugusa tairi, na kwa shirika lenye pikipiki kadhaa za saizi moja hilo ndilo tunalolipendekeza. Kwa motari wa mjini Goma aliye peke yake, jozi mbili mara nyingi ni gharama isiyo na kazi, kwa sababu ile ya mwanzo: ardhi yake haibadiliki sana mvua inaponyesha.

Upepo: hapa ndipo matairi mengi yanapofia

Tairi zuri lenye upepo mbaya hushindwa na tairi baya lenye upepo mzuri. Kwa pikipiki ndogo za abiria kiwango cha kawaida ni kilo 1.75 kwa sentimita ya mraba mbele, kilo 2 nyuma ukiwa peke yako, na kilo 2.25 nyuma ukiwa na abiria. Kwa wanaotumia kipimo cha psi ni 25, 28 na 32. Pima asubuhi, tairi likiwa baridi. Kupima kwa kubonyeza kidole au kwa teke hakusemi chochote: tairi la 6PR lenye kilo 1.2 huhisi gumu sawasawa na lenye kilo 2.

Upepo ukipungua juu ya lava, jiwe husukuma tairi mpaka likutane na janti, na mpira wa ndani hubanwa katikati. Kwado, fundi wa kuziba mipira, akiutoa na kuuingiza kwenye beseni la maji, utaona mapovu yakitoka sehemu mbili zinazotazamana, mipasuko miwili midogo sambamba. Hiyo si alama ya msumari wala ya jiwe kali. Ni alama ya upepo mdogo, na kiraka hakitazuia nyingine kesho usiposhika pompa. Tundu moja la mviringo, kinyume chake, ni kitu kilichopenya: usiondoke bila kupitisha kiganja ndani ya tairi, polepole, mzunguko mzima. Kipande cha lava cha ukubwa wa nusu ya punje ya mahindi hujificha ndani ya mpira na kutoboa tena baada ya siku mbili, na motari anamlaumu kwado kwa kiraka kisicho na kosa.

Upepo ukizidi, tairi hurukaruka juu ya kokoto, katikati huliwa peke yake, na ncha ya jiwe hukata kwa urahisi kwa sababu mpira hauna nafasi ya kujikunja.

Kwenye tope zito unaweza kushusha hadi kilo 1.3 ukiwa huna mzigo, kisha urudishe mara tu unapoikanyaga barabara ngumu. Usifanye hivyo ukiwa na gunia nyuma. Tairi litateleza juu ya janti likiuvuta mpira wa ndani, na valvu itang'oka kwenye shina, jeraha lisilozibika. Kwa sababu hiyo, nati ya valvu isikazwe chini kwenye janti. Ipandishe mpaka kwenye kifuniko. Tairi likianza kusogea, valvu italala upande, na wewe utaliona jambo hilo kwa jicho kabla halijawa ajali.

Kuhusu mpira wa ndani wenyewe: ule wa butili hutunza upepo kwa wiki nyingi, ule wa mpira wa asili hupoteza upepo mapema lakini huvutika zaidi kabla ya kupasuka na hushika kiraka vizuri. Kwa mawe ya Goma tunauthamini wa pili, ukiwa mnene, kwa sharti kwamba mwenye pikipiki anapima upepo kila wiki.

Kufunga, na yanayoharibika

Toa upepo wote na sindano ya valvu. Bandua mdomo wa tairi, ule ukingo unaokaa kwenye janti, pande zote mbili kabla ya kuingiza chuma cha kufungulia. Ukishatoa tairi, kagua utepe unaofunika vichwa vya rayo. Ukichanika, rayo itautoboa mpira mpya kutoka ndani, na tundu litakuwa upande wa janti. Badilisha utepe, ni kitu kidogo.

Paka poda ndani ya tairi, jaza mpira wa ndani upepo kidogo tu uchukue umbo bila kuvimba, kisha uingize. Tairi likiwa na doa la rangi ubavuni, lielekeze kwenye valvu, maana hapo ndipo lilipo jepesi. Anza upande ulio mbali na valvu na umalizie penye valvu, huku ukisukuma valvu ndani kidogo ili mpira usibanwe chini ya mdomo. Ukihitaji nguvu nyingi mwishoni, simama: mdomo wa upande wa pili haujashuka kwenye bonde la janti. Ukanyage kwa goti ushuke. Kulazimisha kwa chuma ndiko kunakoubana mpira.

Tumia maji ya sabuni mdomoni, si mafuta ya injini. Jaza mpaka kilo 2.5 ili mdomo ukae, tazama mstari mwembamba unaozunguka karibu na janti uwe na umbali ule ule kila mahali, halafu shusha kwenye kipimo chako. Nyuma, kabla ya kukaza ekseli, mnyororo ucheze sentimita 2 hadi 3 katikati, alama za pande zote mbili zilingane, na kanyagio la breki liwe na nafasi ya sentimita 2 au 3. Kilomita 100 za kwanza endesha taratibu. Tairi jipya lina utelezi wa kiwandani juu yake.

Bei, kwa hesabu ya kilomita

Tuseme tairi moja ni dola 18 na linakwenda kilomita 6,000, jingine ni dola 25 na linakwenda 10,000. Hizi ni namba za kuonyesha hesabu tu. Weka za kwako. La kwanza linakula senti 30 kwa kila kilomita 100, la pili senti 25. Lililoonekana ghali dukani ndilo rahisi barabarani. Andika kilomita siku ya kufunga, kwa kalamu isiyofutika, ndani ya kifuniko cha pembeni cha pikipiki. Baada ya matairi mawili utakuwa na ushahidi wako mwenyewe.

Kulingana na hali yako

Unabeba abiria ndani ya Goma, lami na mitaa ya lava: mistari mbele, mistari au mchanganyiko wa 6PR nyuma, mwaka mzima. Kila Jumamosi tumia bisibisi kutoa vijiwe vilivyonasa. Fedha ya jozi ya pili peleka kwenye mpira mnene wa ndani na kipimo cha upepo.

Unafanya kazi Bukavu, ukipanda na kushuka kati ya lami na avenyu za mfinyanzi: mchanganyiko mbele na nyuma wakati wa mvua. Kiangazi, la mbele linaweza kurudi kuwa la mistari.

Unakwenda Masisi au Walungu mara moja kwa wiki, siku nyingine uko mjini: mchanganyiko pande zote, na siku ya mvua kubwa subiri udongo ukauke badala ya kutafuta tairi la muujiza. Mfinyanzi ukipata saa chache za jua hubadilika kabisa.

Unaishi kwa njia ya udongo, unasafirisha viazi au makaa kutoka milimani kila siku: meno pande zote msimu wa mvua. Ukishuka mpaka kwenye lami ya Sake, badilisha mwendo wako kabla ya kona ya kwanza.

Unasimamia pikipiki za kituo cha afya au za mradi, zenye ghala na fundi: jozi mbili, na janti za akiba kama bajeti inaruhusu.

Na kama fedha inatosha tairi moja tu wakati yote mawili yamechoka, nunua la mbele kwanza, la nyuma lifuate, na mpaka hapo usibebe abiria wawili. Usihamishe la nyuma lililochakaa kwenda mbele hata kama janti zinalingana. Lililotolewa liuze kwa wanaotengeneza chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo. Kwenye gurudumu la mbao mpira huo bado una kazi ya kufanya.